Aliyeitika kwa Jina la Munyao

Same, Upare,
Tanganyika.
9 Februari, 1954

Kwa mpwa wangu Ndila binti Mbuvi, shamba la kahawa, Ruiru.

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo. Ndiyo, ng'ambo. Ukikaa hapo ukichambua kahawa ujue mjomba wako Nzioka amevuka mpaka wa Kenya akiwa ameketi kwenye treni, hakuinama wala hakujificha, na barua ya Bwana Meneja iko mfukoni ikiwa na mhuri mwekundu. Pale Tsavo simba alisimama kwenye reli. Dereva akaogopa, Wazungu wakafunga madirisha. Mimi nikateremka nikamwambia kwa Kikamba kwamba treni hii imembeba nyapara wa mkonge wa Thika na ina saa zake. Akatoka. Kama huamini waulize watu wa behewa langu, ingawa wengi walikuwa wamefumba macho.

Unajua tangu Wakikuyu waondolewe mashambani mkonge wetu unazeeka ukiwa umesimama. Bwana Meneja akaniuliza, Nzioka, unaweza kuleta watu kumi na wawili kutoka Tanganyika? Watu wanaojua kukata? Nikamwambia hata hamsini. Akasema kumi na wawili watatosha.

Sasa wacha nikufundishe, maana hata mumeo Simeon na trekta lake hajui haya. Kuajiri mtu wa nchi nyingine si kama kuokota kuni. Kuna sheria, na mimi nimeimeza yote, ingawa niliacha shule darasa la pili mwalimu aliponiogopa. Kwanza mtu apimwe na daktari wa serikali. Halafu mkataba usomwe kwa sauti mbele ya Bwana DC, kwa lugha ambayo mtu anaielewa, naye aulizwe kama amekubali. Halafu mwaka ukiisha, mwenye shamba amrudishe mpaka pale pale alipomtoa. Akiugua kabla ya mwaka, arudishwe pia. Na yule aliyekataliwa na daktari asichukuliwe. Jana tulisomewa. Bwana DC alinisimamisha kando yake, na watu wakadhani mimi ndiye DC na yeye ni karani wangu.

Kuna kashida kamoja kadogo. Daktari amemkataa mmoja, anaitwa Dismas, wa kule milimani Kilomeni. Ati kifua chake hakitaweza vumbi la mkonge. Kifua gani? Mtu ameteremka mlima mzima na sanduku kichwani. Basi nimebaki na kumi na mmoja, na mimi nilisema kumi na wawili. Nzioka hajawahi kurudi na pungufu. Huyo wa kumi na mbili nimempatia mlango mwingine, wala usiniulize ni upi.

Ukifika Kangundo nisalimie mama yako, dada yangu Mukonyo. Najua bado anamwekea Munyao chakula jioni. Usimwambie kitu. Mama ni mama.

Mimi mjomba wako ambaye sasa anajulikana nchi mbili,
Nzioka wa Nzau


Ruiru
2 Mei, 1954

Mjomba,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Nakwambia ili ujue kwamba siku hizi za hatari hatusomi peke yetu.

Sisi tupo. Simeon ni mzima. Njambi, yule tuliyekuwa tukikaa naye meza moja ya kuchambua kahawa, alichukuliwa na askari asubuhi moja na nyumba yake ikafungwa. Mahali pake mezani hapakuwekwa mtu. Tulisogea kidogo tukaendelea kuchambua. Siku ya kwanza nilifikiri nitasikia kitu moyoni. Sikusikia. Labda kitakuja.

Juma lililopita alikuja fundi kutoka Thika kutengeneza mashine ya kumenya kahawa. Ni Mjaluo, anaitwa Jared, na hutengeneza pia mashine zenu za mkonge. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mbuvi wa Kangundo. Akasema, "Basi kaka yako namjua. Kila asubuhi karani wa mkonge huita Munyao wa Mbuvi, na mtu huitika."

Mjomba, Munyao alikwenda vitani mwaka wa 1943. Tuliletewa habari kwamba haonekani. Hawakusema amekufa, walisema haonekani. Ni miaka kumi na moja. Mama hajakubali kunyolewa wala hajakubali watu waje kukaa naye matanga.

Nani anaitika?

Ndila


Thika
20 Mei, 1954

Mpwa wangu Ndila,

Umeniuliza kitu kikubwa kwa maneno machache, kama mama yako. Mimi nitakujibu kwa mengi, kama nilivyo.

Ni yeye. Kaa chini kwanza. Huko Burma risasi ilimpitia hapa na kutokea huku, akaangukia mto, na mto wa huko si kama Athi, unakwenda siku tatu bila kupinda. Ukampeleka kwa watu ambao hula mchele asubuhi na jioni. Mfalme wao akampenda kwa sababu alijua kuchonga. Akakaa hapo akichonga viti vya mfalme, na kwa ule mchele mwingi akasahau jina la baba yake. Meli ilipompata ilimtupa Mombasa, na mimi nikitoka Upare na watu wangu nikamkuta stesheni ya Voi, amekaa. Nikamjua kwa vile anavyokaa. Nililia mbele ya Bwana Meneja mwenyewe. Nikamwambia huyu ni mpwa wangu, damu ya dada yangu, amefufuka, vyeti vyake vililiwa na samaki. Nikamdhamini. Akaandikwa kazi siku hiyo hiyo.

Lakini usije. Pasi za kusafiri hazipatikani na njia ni mbaya. Na mama yako usimwambie bado, mpaka roho ya mtu itulie. Hasemi sana. Hata Kikamba kimemtoka, anasema Kiswahili tu, kile cha kule chini. Na kama umetaka kumwandikia, mpe Jared barua mkononi. Posta, mimi na wewe tunajua.

Wako mjomba, aliyeongea na mfu akamjibu,
Nzioka


Ruiru
13 Juni, 1954
(Kwa mkono wa Jared)

Kaka Munyao,

Mjomba amesema ni wewe. Nimejaribu kufurahi tangu mwezi wa tano. Furaha haijaja. Usinidhanie vibaya. Nilipokuwa mdogo nililia sana juu yako, nadhani nilimaliza.

Mama yuko Kangundo, nyumba ile ile. Jioni akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe hupakua mara tatu hata akiwa peke yake, yake na yangu na yako. Yangu huirudisha chunguni kwa sababu anajua niko Ruiru. Yako huiweka kwenye ile nzele yako, kile kibuyu ulichokikata mwenyewe kikaenda upande. Huiacha kando ya nguzo. Asubuhi huwapa kuku. Hajakosa hata siku moja, hata mwaka ule wa njaa. Mwaka ule alipunguza ya kwake.

Mjomba anasema umesahau mambo mengi. Si lazima uyakumbuke. Niambie tu kama kifua chako ni kizima, kwa maana Jared anasema unakohoa.

Dada yako,
Ndila


Thika, kwenye kambi ya mkonge
27 Juni, 1954
(Kwa mkono wa Jared)

Dada Ndila,

Nakusalimu kwa heshima. Barua uliyoandika haikuwa yangu. Niliifungua kwa sababu juu yake paliandikwa jina ninaloliitika. Nilipofika kwenye habari ya kibuyu niliacha kusoma. Baadaye nikaimaliza, ili nisikujibu kitu ambacho sikijui.

Mimi naitwa Dismas. Kwetu ni Kilomeni, Upare. Nina mke na nina mama mzee. Daktari wa Same alinikataa. Wenzangu kumi na mmoja walisomewa mkataba wao mbele ya Bwana DC, mimi nikasimama nje uani. Ningerudi nyumbani, lakini nilikuwa nimekwisha agwa. Kwetu watu walinisindikiza mpaka chini ya mlima, mama akanitemea mate ya baraka, mchungaji akaniombea. Niliona aibu kuupanda ule mlima tena siku ya pili nikiwa na sanduku lile lile. Mjomba wako alinikuta hapo uani. Akaniambia, usihuzunike, jina ninalo, lipo tu halina mtu. Nikalichukua.

Sikujua kama lina mama.

Ninakata mkonge kama wengine, na kazi si ngumu kwangu. Vumbi la mashine ndilo baya, na upepo hulileta mpaka kambini. Wenzangu wanahesabu miezi, mwaka ukiisha watarudishwa. Nilimwuliza nyapara, na mimi je? Akasema atatengeneza. Lakini karani anasema Munyao ni Mkamba wa Kangundo, kwa hiyo akirudishwa kwao atarudishwa Kangundo, na nauli ya lori atajitafutia.

Sikuombi kitu. Nimeona tu si haki uandike barua nzuri namna ile kwa mtu ambaye hayupo, halafu niisome mimi.

Anayeitwa Munyao,
Dismas


Ruiru
4 Julai, 1954
(Kwa mkono wa Jared)

Mjomba,

Nimeandikiwa na huyo mtu wako. Nimejua.

Nilisoma wakati wa chakula cha mchana, nikakunja, nikarudi mezani. Nilichambua mpaka jioni na sikukosea hata punje. Msimamizi alinisifu. Simeon aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, na ilikuwa kweli.

Sikukasirika. Ningekasirika ningekuandikia maneno mengi. Nataka ufanye jambo moja. Mwaka wa wale watu ukiisha, huyu naye arudi kwao. Ulimtoa mlangoni kwa daktari akiwa amekataliwa, basi wewe ndiwe wa kumrudisha. Mama sitamwambia. Yeye hakuuliza, kwa hiyo sijamdanganya.

Ndila


Thika
18 Julai, 1954
(Kwa mkono wa Jared)

Mpwa wangu,

Umeandika kama hakimu. Sawa. Mimi ni mtu mzima na nimesikia.

Lakini jiweke mahali pangu. Ningekuandikia ukweli kwenye posta, mtu wa serikali asome kwamba nyapara Nzioka amepitisha mtu wa nchi nyingine bila daktari, bila DC, bila mkataba, wakati huu ambao ukikohoa tu unaulizwa umekohoa kwa nani? Ningefungwa nisione jua. Na lile jina Munyao, Ndila, mimi ni ndugu ya mama yake. Nilimbeba mgongoni. Nilifikiri, kuliko likae bure, limsaidie mtu. Si lilikuwa limelala tu, nikaliamsha?

Wewe usiwe na wasiwasi. Karani ni rafiki yangu, tunakula sahani moja, na bila mimi shamba hili lingekuwa limerudi kuwa msitu wenye vifaru. Mwaka ukiisha huyu Dismas atapanda treni na wenzake, na akikosa kiti nitambeba kwa mabega haya mpaka Same, kama nilivyombeba yule ndama wakati wa mafuriko, nikaogelea na mkono mmoja.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Nzioka


Thika
6 Machi, 1955
(Kwa mkono wa Jared)

Ndila,

Sijakuandikia kwa muda mrefu. Mwezi wa kumi nilikuwa na kazi, mwezi wa kumi na mbili pia.

Wale kumi na mmoja wamekwenda. Ilikuwa kazi safi. Afisa wa Kazi alitoka mjini kuja kutazama kama sheria imefuatwa, na imefuatwa yote. Watu walilipwa mbele yake, wakapewa blanketi na unga wa safari, wakapimwa tena kama walivyopimwa Same. Afisa alisema laiti mashamba yote yangekuwa hivi. Nilikuwa nimesimama karibu. Kwa kweli sikusema kitu.

Dismas aliwabebea mizigo mpaka stesheni. Karani akasoma majina, kila mtu akipanda. Majina yakaisha. Yeye alikuwa bado amesimama na sanduku la mwenzake kichwani. Mwenyewe akalipokea dirishani. Treni ikaondoka. Tulirudi kambini kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma.

Usidhani sikujaribu. Nilimwendea karani nikamwambia, yule si Mkamba, ni Mpare, mimi ndiye niliyempitisha. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Na yule simba wa Tsavo, naye alipata tiketi?" Nikamwendea Bwana Meneja. Naye akacheka. Akasema anakumbuka machozi yangu, na kama mpwa wangu amechoka kukata mkonge aseme, asitafute safari za bure. Nimesimulia sana hapa, Ndila. Nimesimulia mpaka nikisema moto unawaka watu wanaketi chini wangoje sehemu ya kuchekesha.

Ni yule Afisa wa Kazi peke yake ambaye hakucheka, kwa sababu hajanizoea. Nilimfuata kwenye motokaa yake. Akasikiliza yote. Akasema sheria humrudisha mtu wa nchi nyingine kwao, haimpeleki Mkamba Upare. Kama huyu si Munyao, basi Munyao yuko wapi? Aje mtu wa damu yake aape mbele yangu. Nikamwambia mimi ni mjomba wake. Akasema, "Wewe umekwisha kuapa mara moja." Akanieleza pia kwamba siku hiyo itakapofika mimi nitaingia ndani. Sikumwuliza muda gani.

Kwa hiyo imebaki hivi. Ili Dismas aende kwao, lazima mtu wa nyumba yenu asimame aseme Munyao amekufa. Na neno hilo, unajua, nyumbani kwetu halisemwi na mtu mwingine kabla ya mama. Mimi siwezi kumsemea dada yangu. Wewe huwezi. Na yeye hajalisema miaka yote hii.

Juzi alikohoa, nikaona damu kwenye jani la mkonge alilolikata. Aliona kwamba nimeona. Akalifunika na jani jingine, akafunga tita.

Nzioka


Ruiru
17 Aprili, 1955
(Kwa mkono wa Jared)

Mjomba,

Nilipata pasi ya siku tatu nikaenda Kangundo.

Nilimkuta mama akipepeta mahindi. Nilimwambia yote, tangu yule mtu kukataliwa na daktari mpaka lile jani. Nilimwambia na lako la mfalme wa mchele, akatikisa kichwa, akasema tangu utoto wenu ulikuwa unarudi na mbuzi mmoja pungufu na chui watatu zaidi. Halafu akaendelea kupepeta mpaka wakati wa kupika.

Akapakua yangu. Akapakua yake. Akapakua ya Munyao, akaiweka kando ya nguzo. Tukakaa. Akaniuliza, "Huyo wa Thika, mama yake yuko hai?"

Nikamwambia yuko.

"Anamwekea?"

Nikasema sijui. Nikasema nadhani.

Hakula. Mimi nilikula kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Baadaye akainuka, akaichukua ile nzele pale nguzoni, akarudi nayo mahali pake, akaanza kula kile chakula. Alikula polepole, na hakubakisha kitu. Kisha akaiosha kwa maji moto, akaiweka kwenye kichanja akaifunika mdomo chini. Akasema, "Nenda ukaseme."

Asubuhi aliita wanawake wakamnyoa. Sikulia, yeye pia hakulia. Kuku walikuja pale nguzoni kama kawaida, wakasimama, wakaondoka.

Nitafika Thika Alhamisi, kwa ofisi ya Afisa wa Kazi. Nawe uwepo. Mama amesema hana ugomvi na wewe, lakini kama una hadithi uiache nyumbani.

Ndila


Kilomeni, Upare
5 Juni, 1955

Dada Ndila,

Nilifika. Nililetwa mpaka Same kwa nauli ya shamba, na blanketi, na unga, kama wenzangu. Kule ofisini nilitaka kukushukuru lakini ulikuwa umekwisha toka. Nilikuona kupitia dirisha, umesimama kwenye jua, unaangalia upande wa barabara, na sikuona ni vizuri nikufuate.

Kifua ni kile kile. Daktari wa Same ni yule yule. Alinitambua, hakunigombeza. Kuna siku ninapanda mpaka shambani, kuna siku ninakaa mlangoni.

Siku niliyofika mke wangu aliniita jina langu mara mbili, sikugeuka. Mara ya tatu ndipo nikajua ni mimi.

Mama yangu nilimweleza habari ya mama yako. Jumapili alisimama kanisani akamtaja Munyao wa Mbuvi wa Kangundo kati ya waliolala. Watu hawakumjua, lakini waliitikia amina. Nimeona nikuandikie hilo, usije ukadhani jina lenu nililiacha kwenye mkonge.

Dismas


Thika
10 Julai, 1955

Mpwa wangu Ndila,

Nimetoka ndani wiki iliyopita. Nakuandikia kwa posta, maana sasa sina cha kuficha, yeyote anayefungua barua hii na asome, nyumbani kwake wasalimiwe.

Nilitaka nikueleze jela ilivyokuwa. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, kuna mahali askari wote wananiita Baba na mkuu wa jela ananiomba nisiondoke. Nimeanza kuiandika mara mbili. Ilikuwa kufyeka nyasi za boma na kulala.

Shamba limenirudisha, si kama nyapara. Kofia amepewa mwingine, Gideon, kijana wa Masii, anaivaa ikiwa imemzidi masikio. Mimi ninakata. Mikono imesahau, lakini miiba ya mkonge haijasahau. Wanaume wakipumzika hunisogelea wanangoja. Nikinyamaza wanadhani ndivyo hadithi inavyoanza siku hizi.

Nina neno moja la kukuambia, kisha niende nikalale.

Jumatatu nilisimama kwenye mstari wa asubuhi kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa kijana. Karani akaita majina. Ile karatasi ya Afisa wa Kazi ya kulifuta jina ilikuwa bado haijafika kwake, au ilifika akaikalia, sijui. Akafika mahali akasema, "Munyao wa Mbuvi."

Hakuna aliyeitika.

Akaita tena. Mstari mzima ukageuka ukanitazama, kwa maana mimi ndiye mwenye maneno. Gideon naye akanitazama kutoka chini ya kofia yangu.

Nikasema, "Amekufa."

Karani akauliza lini. Nikamwambia vitani, zamani. Akaendelea kuniangalia na kalamu juu, kama mtu anayengoja simba atokee. Nilingoja naye. Hakuna kitu kilichotokea. Akainama akapiga mstari, akaita jina lililofuata.

Lilikuwa langu. Nikaitika.

Mjomba wako,
Nzioka